Hatua Zinazoandikwa: Somo juu ya Programu za Simu na Kutembea kwa Miguu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Katika darsa yetu ya hapa Ngao, baina ya Magharibi na Isha, liliulizwa swali ambalo adhana ilitukata kabla ya kulitimiza. Tuliahidi kulijibu kwa kirefu katika karatasi hii, na ahadi ni deni. Swali lenyewe ni hili:

Ndugu mmoja mwenye duka, ambaye umri wake umepita miaka hamsini, alipimwa damu akaambiwa ana sukari, na presha yake nayo imepanda. Tabibu alimpa dawa, kisha akamwambia kuwa dawa peke yake haitoshi, ni lazima atembee kila siku. Mwanawe akamtilia katika simu programu ya kuhesabu hatua, nayo ikawa kila jioni humwonyesha hatua alizokwenda siku ile, na akikaa sana humkumbusha ainuke. Akatembea wiki tatu. Kisha mzee mmoja anayeheshimiwa mtaani akamwambia ya kwamba jambo lile ni bidaa. Kwamba kuhesabu hatua za mja ni kazi ya Malaika, si kazi ya simu. Na kwamba mtu mzima atembeaye bila ya haja huwa anawaiga Wazungu. Ndugu yetu akaiogopea dini yake. Akaifuta ile programu, na alipoifuta akaacha na kutembea. Je, mzee yule alisema kweli?

JAWABU. Twasema: mzee wetu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa uchungu alio nao juu ya dini, amekosea. Wala kosa lake si dogo, kwani limemtoa mgonjwa katika dawa yake. Wanavyuoni wamepokea, na Abu Daud ameitia katika kitabu chake, habari ya mtu mmoja aliyekuwa safarini akapigwa na jiwe kichwani, kisha akaamka ana janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kwamba hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akasema ya kuwa wao ndio waliomwua, akawalaumu kwa kutokuuliza jambo wasilolijua. Basi na atazame kila mmoja wetu: wale walikuwa Masahaba, na nia yao ilikuwa ni kuilinda twahara, na juu ya hayo hawakupewa udhuru wa kutoa fatwa bila ya ilimu juu ya mwili wa mgonjwa. Itakuwaje kwetu sisi tutoao fatwa barazani, kikombe cha kahawa mkononi?

Neno bidaa lina mahali pake. Bidaa iliyokatazwa ni kuzusha katika dini jambo ambalo si la dini, mtu akajikurubisha kwalo kwa Mola wake kama kwamba limeamrishwa. Ama ala ya kupimia, hiyo haimo katika mlango huo. Saa ya ukutani haikuwako zama za Masahaba, na leo hapana msikiti hapa kwetu usiokuwa nayo. Mizani ya dukani, kipimo cha joto, kipimo cha presha ambacho mzee wetu mwenyewe hufungwa mkononi akienda hospitali, vyote vimezuka, na hapana aliyevikataa. Programu ya kuhesabu hatua ni katika jinsi hiyo hiyo. Ndani ya simu mna kipande kidogo mno kinachohisi mtikisiko; mtu akenda, mwili hutikisika kwa mpango maalumu, na programu huuhesabu mpango huo. Basi ni kipimo tu. Akikitumia mtu katika jambo la halali ni halali, na akikitumia katika la haramu ni haramu, na hayo ya haramu tutayataja mbele.

Ama neno lake kuwa hatua zetu huhesabiwa na Malaika, hilo ni kweli tupu. Lakini lilivyokuja katika Hadithi, ni hoja juu yake. Watu wa ukoo wa Banu Salima walikuwa wakikaa mbali na msikiti wa Madina, wakataka kuhama wapate kuwa karibu nao. Mtume (s.a.w.) akawazuia, akawataka wakae majumbani mwao, kwa kuwa nyayo zao za kuja msikitini zinaandikwa. Bukhari na Muslim wote wawili wameipokea habari hii. Sasa na tuulizane: watu wale walipojua kuwa hatua zinaandikwa, walizidisha kwenda au walipunguza? Mzee wetu amelichukua neno lililokusudiwa kumwendesha mtu kwa miguu, akamkalishia nalo mtu kitini.

Na kusema kwamba mtu mzima hatembei bila ya haja ila kwa kuwaiga Wazungu, hayo ni maneno ya asiyesoma Sira. Mtume (s.a.w.) alikuwa akenda Quba kila Jumamosi, mara kwa kipando na mara kwa miguu, na baina ya msikiti wake na Quba ni zaidi ya kilomita 3. Siku ya Idi alikuwa akenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Waliomsifu mwendo wake wamesema alikwenda kwa nguvu, kama mtu ateremkaye mlimani. Na Abdalla bin Amri, alipokuwa akifunga kila siku na kusimama kila usiku, aliambiwa ya kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa mwili una haki mbele ya ibada, je, hauna haki mbele ya kiti cha duka?

Tena haja ipo, nayo ni kubwa kuliko anavyodhani mzee wetu. Wazee wa Ngao na wa vijiji vyote vya ukingoni mwa Tana hawakuhitaji kuhesabiwa hatua. Mtu aliamka alfajiri akenda shamba, akalima kwa jembe, akapiga kafi mtumbwini, akarudi na mzigo kichwani. Akitaka Garsen alikwenda kwa miguu, na mgonjwa wake alimchukua mabegani. Leo shamba limeachiwa vibarua au limechukuliwa na maji. Mafuriko ya El Nino ya 1997 yaliharibu hata mashamba ya mpunga ya serikali huku deltani, na yale ya mwisho wa 2023 na ya 2024 yaliwatoa watu wengi majumbani mwao. Aliyehama shambani akafungua kibanda cha biashara sasa hukaa tangu asubuhi hata usiku. Na akitaka kwenda mahali ambapo baba yake angekwenda akivuta uradi wake polepole, huita bodaboda.

Wala sijitoi. Mimi niandikaye haya nasomesha nimeketi, nasoma nimeketi, na katika kuandaa jawabu hili niliitia programu hiyo katika simu yangu ili nisiseme jambo nisilolijua. Siku ya kwanza ilinihesabia hatua 1,900, na katika hizo zimo za kumtafuta mbuzi aliyekata kamba. Nilikuwa nikidhani mimi ni mtu wa harakati nyingi. Tangu siku hiyo nimeacha kupandia pikipiki kwenda msikitini.

Kwamba kukaa huua si maneno ya kuchukulia tu. Mnamo 1953, tabibu mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, na wenziwe walitangaza habari za wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa siku nzima, na mwenziwe mkata tikiti alipanda na kushuka ngazi siku nzima. Wote walikuwa na mwajiri mmoja na mabasi yale yale. Lakini maradhi ya moyo yalionekana zaidi kwa madereva. Nawaomba vijana wetu wa bodaboda wa Minjila, Garsen na Tarasaa walizingatie hili, kwani wao wanadhani kazi yao ni ya kwenda, na kiendacho ni pikipiki.

Na katika uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2015, ilionekana kuwa watu 27 katika kila mia walikuwa na uzito uliozidi. Wanaume walikuwa 17 na nusu katika mia, na wanawake 38 na nusu. Katika taarifa ya 2018 iliyokusanya hesabu za nchi nyingi za dunia, Uganda na Msumbiji zilikuwa miongoni mwa nchi zenye watu wachache zaidi wasiofanya harakati ya kutosha, kama 6 katika mia. Na Kuwait ilikuwa ya juu kabisa, 67 katika mia, na Saudia 53. Nchi za Kiislamu zilizoneemeshwa zimekuwa ndizo za kukaa. Jamaa zetu walioko Ghuba huturudia na zawadi, nasi twazipokea. Lakini hii ya kukaa tusiitamani.

Sasa tuje kwenye programu zenyewe, maana wako waliomkosoa mzee kisha wakaangukia upande wa pili. Kijana mmoja katika darsa alisimama akasema ya kwamba asiyetimiza hatua 10,000 kwa siku amepoteza bure, kwani simu yake imemwambia hivyo. Nikamwuliza: neno hili umelipokea kwa nani, na yeye kalipokea kwa nani? Hakuwa na jawabu. Ajabu ni kuwa kijana huyu ndiye wa kwanza kututaka isnadi tukisoma Hadithi, na hufanya vyema. Lakini hesabu ya simu aliimeza bila ya kutafuna.

Basi isnadi yake ni hii. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Japani iitwayo Yamasa ilitoa kidude cha kuvaa kiunoni cha kuhesabu hatua, ikakiita manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Hesabu ilikuwa nzuri masikioni, ni rahisi kukumbuka, na ilifaa kuuzia. Ikatoka kwa mfanya biashara, ikaingia katika vilabu vya watembezi, kisha ikaingia katika simu za dunia nzima, hata ikadhaniwa kuwa ni kauli ya matabibu. Mfano wake ni kama yale maneno tunayoyakuta katika vitabu vya mawaidha, mazuri kwa kusikia, na ukiyafuatia huoni aliyeyapokea kwa Mtume (s.a.w.).

Waliokuja kutafiti baadaye wamekuta nini? Mwaka 2019 ilitolewa kazi ya Bibi I-Min Lee na wenziwe wa Marekani, waliowavisha vipimo wanawake 16,741, wastani wa umri wao miaka 72, kisha wakawafuatia kwa zaidi ya miaka minne. Wale waliokwenda kiasi cha hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliokwenda 2,700, na upungufu huo ulikuwa wa 41 katika mia. Faida ikazidi kupanda kwa kadiri ya hatua, hata zikafika kama 7,500; hapo haikupanda tena. Na mwaka 2025 kulitolewa mkusanyiko wa tafiti 57, chini ya Bibi Ding Ding wa Chuo Kikuu cha Sydney, nao ukaonyesha kuwa waendao hatua 7,000 walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa 47 katika mia kuliko waendao 2,000. Yapasa tuwe waadilifu hapa: tafiti za namna hii huwatazama watu walivyo, na mwenye afya hutembea zaidi kwa kuwa ana afya, kwa hivyo haziwezi kukata shauri peke yake. Lakini zote zaelekea upande mmoja, na upande huo ni faraja kwa mwenye duka wetu. Hakuambiwa aruke kutoka elfu mbili hadi elfu kumi. Akitoka elfu mbili akafika elfu nne, tayari amepata fungu kubwa.

Shirika la Afya la Dunia, katika mwongozo wake wa 2020, halikuweka kiwango cha hatua. Limetaja dakika: baina ya 150 na 300 kwa wiki za harakati ya wastani, yaani mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba kaswida. Hizo 150, ukizigawa kwa siku saba, ni kama dakika 22 kwa siku. Asiye na simu ya namna hiyo hakukosa kitu. Saa ya mkono yamtosha, au hata ajue tu kuwa kutoka nyumbani kwake hadi mahali fulani na kurudi ni dakika kadhaa.

Je, programu zasaidia kweli, au ni mchezo? Katika mwaka 2021 Bibi Liliana Laranjo na wenziwe walizikusanya tafiti 28 ambazo watu wazima waligawanywa kwa kura, hawa wakapewa programu za simu au vidude vya kupimia, na hawa wasipewe. Watu wote walikuwa 7,454. Waliopewa walizidisha kiasi cha hatua 1,850 kwa siku juu ya wenzao. Mtu hutimiza hatua mia katika dakika moja akenda kwa mwendo mzuri, basi hizo ni kama dakika 18. Si haba. Na zilizofaa zaidi ni zile zilizomtumia mtu ujumbe wa kumkumbusha, na zile zilizompangia kila mtu kwa hali yake. Lakini tafiti nyingi katika hizo zilikuwa za miezi michache tu, na sukari haiondoki kwa miezi michache. Kila aliyewahi kununua kitu kipya ajua kuwa hamu yake huchakaa kabla ya kitu chenyewe. Kwa hivyo nasema: kumbusho la simu ni jema, na kumbusho la jirani abishaye hodi baada ya Alfajiri ni jema zaidi, kwa kuwa jirani huwezi kumzima kwa kidole.

Simu nazo hukosea. Ukienda shamba ukaiacha nyumbani, huandika kuwa hukwenda. Ukiogelea au ukipiga kafi, haijui. Ukipita juu ya pikipiki katika njia iliyochimbika kwa mvua, yaweza kukuhesabia mtikisiko kuwa ni hatua. Aliyelima saa tatu kwa jembe asihuzunike kwa kuona simu yake imeandika sifuri, wala asitoke kwenda kuzunguka ili kuiridhisha.

Sasa yale ya haramu. Nimepata habari ya kuwa vijana kadha wa mtaa wetu walipatana kila mmoja atoe shilingi 200 kwa wiki. Asiyetimiza hatua 8,000 kila siku fedha yake ipotee, na waliotimiza waigawanye. Ng'ambo imetolewa programu nzima kwa mpango huu, iitwayo StepBet, ambayo kila mtu huweka dau lake kwa kuzitegemea hatua zake, na fedha za walioshindwa huwaendea walioshinda. Vijana walijitetea ya kwamba hii si kamari, kwa sababu haitegemei bahati, yategemea juhudi, na juhudi yenyewe ni ya kheri.

Jawabu: kamari haikukatazwa kwa ajili ya bahati peke yake. Kila mpango ambao wote wanaoingia hutoa mali, kisha kila mmoja akawa baina ya kupata mali ya mwenziwe au kuipoteza yake, huo ndio upambe wa kamari, hata ukiwa juu ya jambo jema. Mashindano ya mbio za miguu yasiyo na dau ni halali bila ya shaka. Ama dau, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameliruhusu katika farasi, ngamia na mishale, kwa sharti zake, na kauli sahihi kwao ni kuwa halifai katika mbio za miguu. Mahanafi wameliruhusu katika mbio za miguu, lakini nao wanataka litoke upande mmoja. Likitoka kwa wote, kila mmoja akihatarisha lake, wanalikataza. Basi mpango wa vijana wetu haukupata mlango katika madhehebu haya wala yale. Na matunda yake yalionekana upesi. Wiki ya pili mmoja wao alimfunga mtoto wa nduguye simu kiunoni, akampeleka akacheze mpira mpaka Magharibi, hatua zikatimia naye amelala. Fedha zirudishwe kwa wenyewe.

Jambo jingine ni riya. Wako watu ambao kila usiku hupeleka picha ya hesabu ya hatua zao katika kundi la simu la msikiti. Ikiwa wamekubaliana kutiana moyo, na mwenye kufanya hivyo aikague nia yake, sioni ubaya. Hata sadaka imeruhusiwa kutolewa hadharani. Lakini nimemwona mtu akihesabu hatua zake za kwenda msikitini, akazitangaza, tena akawataja kwa kimafumbo wanaokuja kwa pikipiki. Hatua za ibada aliziandikiwa kwa siri, naye akazitoa sokoni. Na azihofie.

Na la tatu ni siri za watu. Programu nyingi huandika ulikopita, si hesabu yako tu. Mwishoni mwa 2017 kampuni ya Strava ilitangaza ramani ya mapito ya watumiaji wake duniani, na Januari 2018 ikatambulikana kuwa ramani ile imefichua njia za askari ndani ya kambi zao. Ikiwa majeshi yamefichuliwa, basi na binti yako atembeaye kila alfajiri kwa njia ile ile anaweza kufichuliwa. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu 2019, lakini sheria haiwezi kukurudishia siri uliyoigawa mwenyewe. Uifunge ruhusa ya kuonyesha mahali. Programu itaendelea kuhesabu hatua bila ya hiyo.

Nimetaja binti, na hapa nataka kusema neno na wanaume wa mji. Hesabu ile ya 2015 imeonyesha kuwa wanawake wetu ndio waliolemewa na uzito, zaidi ya mara mbili ya wanaume. Nao ndio tuliowafungia mlango. Mwanamke akitoka na kikapu kwenda sokoni hapana asemaye. Akitoka bila ya kikapu, amejisitiri, na mwenziwe ubavuni, akenda nusu saa akarudi, baraza zima huuliza anakwenda wapi. Hiyo ni ada, na ada si sharia. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini akamshinda, kisha baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena, akashindwa, na Mtume akamtania kuwa hiyo ni kwa ile ya kwanza. Abu Daud ameipokea. Nani katika sisi amewahi hata kutembea na mkewe hadi kwenye tuta na kurudi? Asiyeweza kutoka na atembee uani. Mzunguko wa ua ukirudiwa dakika kumi mara mbili kwa siku, mwili hauulizi ulikuwa njia gani. Ila programu zenye kuonyesha watu waliofunua miili na kupiga ngoma waziache. Ziko nyingi zisizo na hayo.

Wengine husema kuwa Sala tano zatosha kuwa mazoezi. Sikubaliani na kauli hii, japo yasemwa kwenye mimbari. Sala ni ibada, haikufaridhiwa kwa ajili ya viungo, na mwenye kuisali kwa nia ya kunyosha mgongo amejipunguzia. Lakini njia ya kwendea Sala ni jambo jingine. Mwenye duka wetu, msikiti uko mbali naye kiasi cha hatua 300, nilizihesabu. Kwenda na kurudi ni 600, na mara tano ni 3,000 kwa siku. Tumeamrishwa kwenda kwenye Sala kwa utulivu, tusikimbie. Basi na aende kwa utulivu na arudi kwa haraka, maana katika kurudi hapana katazo. Akizidisha mzunguko mmoja wa dakika ishirini baada ya Alfajiri, amepata aliyoambiwa na tabibu na zaidi.

Wakati nao una hukumu yake katika nchi yetu. Jua la Tana kuanzia saa tatu ya asubuhi si la kutembelea mgonjwa. Baada ya Alfajiri kukishapambazuka, au baada ya Alasiri, ndio wakati. Wala mtu asiende njia ya mtoni usiku, awe na programu au asiwe nayo, kwani viboko hutoka majini kulisha gizani, na kiboko hajali hesabu yako imefika ngapi. Mwenye sukari asitembee kwa kandambili wala pekupeku; avae viatu vilivyofunika, na kila usiku aitazame nyayo yake, kwa kuwa miguu yake yaweza kukatwa na mwiba asihisi. Anayejipiga sindano ya insulini achukue mfukoni tende au kipande cha sukari, na akihisi kutetemeka au kutoka jasho la baridi akae aile. Akishikwa na maumivu ya kifua asimame hapo hapo, na apelekwe hospitali. Hiyo si siku ya kutimiza hesabu.

Basi ndugu yetu na arudi katika kutembea leo, wala hana kafara. Akipenda kuirudisha programu, ni halali yake. Akichukia, aende bila ya hiyo. Mzee aliyemkataza tumemwendea nyumbani kwake kabla ya kuandika haya, kama ilivyo adabu, tukamsomea. Amesikiliza hadi mwisho. Amekubali juu ya dawa na juu ya Banu Salima. Juu ya simu amesema atafikiri.

Limebaki swali la pili la darsa ile, la mwenye sukari atakaye kufunga Ramadhani naye anatembea na kutumia dawa, saa ngapi atembee na lini yampasa kufungua. Hilo tumeliweka mpaka toleo lijalo, inshaallah, ili kwanza tukae na tabibu tumsikie. Wallahu aalam.